Nasaba na Tarehe Zake

Mtu aulizaye asili ya jamaa zake hupewa majina kwa wingi, lakini ushahidi hupewa kwa nadra. Huambiwa fulani bin fulani bin fulani. Haambiwi ni nani aliyesema, alisema lini, wala alisikia kwa nani. Nasaba isiyo na msemaji ni kama hati isiyo na sahihi: huenda ikawa ya kweli, lakini haisimami mbele ya kadhi.

Pwani yetu ina funzo kubwa katika jambo hili. Habari za wafalme wa Pate, alizozichapisha Stigand mwaka 1913, zilisimuliwa na Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Nabahani. Husemwa kwamba kitabu cha asili kilipotea Witu, Waingereza walipoupiga mji huo mwaka 1890. Yaliyosalia yalikuwa kifuani mwake. Habari hizo zasema kuwa Mnabahani wa kwanza alifika Pate mwaka 600 wa Hijra, yaani baina ya Septemba 1203 na Agosti 1204. Mwaka 1969 Neville Chittick aliutilia shaka mwaka huo, akaona kuwa Wanabahani walishika utawala baadaye sana. Je, Bwana Kitini amevunjiwa heshima? Hasha. Kwa kuwa jina lake lajulikana, na ukoo wake wajulikana, neno lake laweza kupimwa na kurekebishwa bila ya kutupwa. Neno la asiyejulikana halina bahati hiyo.

Tarehe nazo zina mitego yake. Mwaka wa Hijra una siku 354 au 355, basi hauendi sawa na mwaka wa jua. Mtu akuta katika ukurasa wa mwisho wa msahafu wa nyumbani kwamba babu yake alizaliwa mwaka 1300. Aongeza 622, apata 1922. Amekosea karibu miaka 40, maana mwaka 1300 ulianza Novemba 1882. Kwa kosa hilo moja babu amekuwa rika la mwanawe. Tena aliyezaliwa usiku wa Ijumaa, kwa desturi yetu ambayo siku huanza jua likichwa, alizaliwa usiku ambao wengine huuita wa Alhamisi. Na Mfunguo Sita si Juni: ni mwezi wa Maulidi, wa tatu katika mwaka wa Hijra.

Kwa hiyo mtafiti na aandike kwanza tarehe kama alivyoikuta, kisha aweke kando hesabu yake mwenyewe, ili atakayemfuata aweze kutenga neno la msahafu na neno la msomaji. Na aandike jina la msimulizi, ujamaa wake na anayetajwa, na siku aliyosimulia.

Elimu hii si ngeni kwetu. Wanavyuoni wa hadithi waliuliza isnadi kabla ya kulipokea neno. Ikiwa maneno ya kale yalilindwa hivyo, si haki habari za mama na baba zetu kuachwa zitangetange bila ya mwenyewe.