Skuta Ndogo katika Barabara Kuu

Kama mko katika kikundi, mmoja wenu asome kwa sauti, na mwingine akae karibu na ubao akiwa na chaki, kwa maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Tuseme uko Musoma mjini, na mtu anakuonyesha skuta inayouzwa. Rangi yake inang'aa, taa zinawaka, na bei si kubwa. Wewe unaishi Butiama, na kila wiki una shughuli Musoma na mara nyingine Bunda. Muuzaji anaweka kidole juu ya saa ya mwendo na kusema, "Tazama, inafika mia." Kweli, namba 100 imeandikwa pale. Lakini namba hiyo iliandikwa na mtengenezaji wa saa, nayo si ahadi ya injini. Je, chombo hiki kinafaa kusafiria barabara kuu, au kinafaa mitaa ya mji tu? Ili tupate jibu, hatuna budi kwanza kujua skuta ilizaliwa wapi na kwa kazi gani.

1. Skuta ilivyozaliwa

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, nchi ya Italia ilikuwa imeharibika. Barabara na madaraja yalikuwa yamebomolewa, na watu wengi hawakuweza kununua motokaa. Katika mji wa Pontedera kulikuwa na kiwanda cha Piaggio, kilichokuwa kikitengeneza ndege. Kiwanda hicho kilikuwa kimepigwa mabomu. Mwenyewe, Enrico Piaggio, alitaka chombo cha bei nafuu ambacho kila mtu angeweza kukipanda, mwanamume au mwanamke, bila kuchafua nguo zake.

Kazi hiyo alipewa Corradino D'Ascanio, fundi wa ndege na helikopta. Yeye hakuzipenda pikipiki za zamani. Aliiweka injini nyuma karibu na gurudumu, akaondoa mnyororo, akaweka bamba la kukinga miguu, akaacha nafasi katikati ili mtu apande bila kurusha mguu. Tarehe 23 Aprili 1946 chombo hicho kiliandikishwa rasmi. Kiliitwa Vespa, maana yake nyigu kwa Kiitaliano. Mwaka uliofuata, 1947, kiwanda cha Innocenti cha Milano kikatoa skuta yake iliyoitwa Lambretta.

Sasa angalia vipimo. Injini ya Vespa ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 98, yaani ile tunayoiita "sisi 98". Nguvu yake ilikuwa kama nguvu za farasi 3 tu, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 60 hivi kwa saa. Magurudumu yake yalikuwa madogo sana, ya inchi 8. Kwa kwenda kazini, sokoni au kanisani, chombo hicho kilitosha. Safari ya nchi nzima haikuwa kazi yake. Ndiyo sababu mwaka 1955 Piaggio walipotaka skuta ya mwendo mkubwa zaidi, walitengeneza nyingine yenye injini ya sisi 150 na magurudumu ya inchi 10, nayo ikafika karibu kilomita 100.

Huko Japani, mwaka 1958, Honda walitoa pikipiki yao ndogo iitwayo Super Cub. Injini yake ilikuwa ya sisi 49 tu, lakini magurudumu yake yalikuwa ya inchi 17. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo. Gurudumu dogo hutumbukia ndani yake. Kumbuka neno hili, tutalirudia.

Katika miaka ya 1950 na 1960 skuta zilionekana katika miji ya Afrika Mashariki, na Unguja vespa imedumu hata baada ya miaka mingi. Bajaji nayo ni ndugu yake. Mwaka 1948 Piaggio walitoa skuta ya magurudumu matatu, na baadaye kampuni ya Bajaj ya India ikapata ruhusa ya kuunda vyombo vya Piaggio. Kwa hiyo ukiona bajaji Musoma, unaona mjukuu wa ile Vespa ya Pontedera.

2. Barabara moja, miendo mingi

Turudi nyumbani. Ukitoka Musoma unafika Makutano, na hapo unaungana na barabara kuu itokayo Mwanza na Bunda, ipitayo daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, kwenda Tarime na Sirari mpakani mwa Kenya. Njia ya Butiama nayo huanzia hapo Makutano.

Sehemu hizi zimejua miendo ya kila namna. Mwaka 1934 mtoto Kambarage Nyerere alitoka Butiama kwa miguu, maili 26 hivi, kwenda shule ya Mwisenge, Musoma. Oktoba 1967, akiwa Rais, alitembea tena kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Mtu anayetembea huenda kilomita 5 kwa saa. Baiskeli huenda kama 15. Mambo hayo yalipokuwa yakitendeka, barabara nyingi zilikuwa za udongo na changarawe, na mashimo yenyewe yalikuwa askari wa mwendo. Hata lori halikuweza kwenda mbio sana.

Lami ilipokuja, mambo yalibadilika. Basi na lori viliongeza mwendo, lakini mtu wa miguu, ng'ombe na baiskeli hawakuondoka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya miji, na nje ya miji ikaweka 80 kwa magari makubwa. Halafu zikaja bodaboda. Jina hilo lilitoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 watu walibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Hapa Tanzania, kanuni za mwaka 2010 ziliweka utaratibu wa leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji.

Basi, skuta yako itaingia katika barabara ambayo wengine huenda 5 na wengine 80. Iko katikati, na aliye katikati husukumwa pande zote mbili.

3. Kwa nini injini ndogo huchoka

Adui wa kwanza wa mwendo ni upepo. Ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kushinda upepo haiongezeki mara mbili, bali mara nane. Kwa hiyo injini ndogo hufika mahali ikagoma, hata ukizungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho. Na upepo wa ziwa ukivuma usoni mwako, mahali hapo huja mapema zaidi.

Jambo la pili ni mwinuko wa nchi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika kumi, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu hiyo hiyo ya nguvu zake. Penye tambarare huenda usione tofauti. Utaiona ukipanda kilima, tena ukiwa na abiria nyuma na gunia miguuni. Skuta iliyokwenda 60 itashuka hadi 40 au 30, na lori lililo nyuma yako halijui hayo.

La tatu linahusu skuta za zamani ambazo mafuta ya kulainisha injini huchanganywa na petroli. Injini ya namna hiyo hunywa mafuta yake pamoja na petroli. Ukiikimbiza kwa nguvu zote muda mrefu, hupata moto sana. Halafu ukishuka mteremko mrefu huku umefunga petroli, mafuta nayo hayafiki. Pistoni yaweza kukwama ghafula, na gurudumu la nyuma likasimama wewe ukiwa bado mwendoni. Shuka kwa uangalifu, ukiipa injini petroli kidogo mara kwa mara.

Na magurudumu? Shimo ambalo pikipiki ya gurudumu kubwa hulipita kwa kishindo tu, laweza kuipindua skuta ya inchi 8 au 10.

4. Hesabu ya ubaoni

Sasa chukueni chaki.

Skuta inakwenda kilomita 50 kwa saa, yaani mita 14 hivi kila sekunde. Basi linakuja nyuma kwa kilomita 80, yaani mita 22 kila sekunde. Kila sekunde basi linakukaribia mita 8. Kama liko mita 100 nyuma yako, litakufikia kwa sekunde 12. Katika sekunde hizo dereva anatakiwa akuone, atazame mbele, na aamue kukupita au kupunguza mwendo.

Hesabu ya pili. Skuta yako ina mwendo wa mwisho wa 60, na mbele yako kuna lori linalokwenda 50. Unataka kulipita. Unalishinda kwa kilomita 10 tu kwa saa, yaani karibu mita 3 kila sekunde. Ukihesabu urefu wa lori na nafasi mbele na nyuma, unahitaji kulizidi mita 40. Hiyo ni sekunde 14 na zaidi. Katika muda huo wewe utakwenda mita 240, na basi linalokuja mbele yako kwa kilomita 80 litakwenda mita 320. Jumla mita 560. Je, unaiona barabara tupu ya zaidi ya nusu kilomita mbele yako? Kama huioni, kaa nyuma ya lori.

Watu wengi husema kwamba aendaye polepole yuko salama. Mjini ni kweli. Katika barabara kuu si kweli peke yake. Hatari hutoka katika tofauti ya mwendo wako na wa wenzako, na katika kukosa akiba. Wahenga walisema, akiba haiozi. Mwenye kuweka nafaka ghalani hafi njaa kiangazi, na mwenye kuacha nguvu kidogo katika injini anaweza kujitoa penye hatari.

5. Nchi nyingine zimefanyaje?

Italia kwenyewe, nyumbani kwa Vespa, kwa miaka mingi sheria ilizikataza pikipiki za chini ya sisi 150 kuingia barabara za mwendo wa kasi; mwisho wa mwaka 2024 sheria hiyo ililegezwa kidogo kwa watu wazima. Japani hukataza zisizozidi sisi 125. Uingereza hukataza zilizo chini ya sisi 50. Katika Umoja wa Ulaya pikipiki ndogo kabisa, zisizozidi sisi 50, huwekewa mpaka wa kilomita 45 kwa saa tangu kiwandani. Jirani zetu Kenya walipofungua barabara ya juu ya Nairobi mwaka 2022, bodaboda hazikuruhusiwa kupanda.

Lakini angalia vizuri. Bodaboda aliyekatazwa barabara ya juu Nairobi anayo ya chini. Mwitaliano naye anayo njia ya kawaida. Wao walifunga mlango mmoja wakiwa wameacha mwingine wazi. Sisi, kati ya Makutano na Bunda, barabara ni ile ile kwa basi, kwa mgonjwa anayepelekwa hospitali, na kwa mama anayekwenda mnadani. Kuikataza skuta hapo ni kumkata mtu miguu. Yafaa njia ya pembeni itengenezwe kwa waendao polepole. Penye kukosekana njia hiyo, mlinzi wa lango ni wewe mwenyewe.

6. Jibu letu

Skuta ya sisi 50 ni chombo cha mji. Itumie kati ya soko la Musoma na Mwisenge, wala usiipeleke barabara kuu, kwa maana nguvu zake zote hazitoshi huko, na akiba hakuna.

Skuta ya sisi 100 au 125 yaweza kufika Butiama au Bunda, lakini kwa masharti. Tumia robo tatu tu ya mwendo wake. Kama mwisho wake ni 60, nenda 45. Kwa safari ya kilomita 60 utachelewa dakika 20 tu. Safiri mchana. Kaa kushoto, tazama kioo mara kwa mara, na basi likitaka kupita, liachie nafasi. Pumzisha injini. Usibebe abiria na mzigo pamoja. Vaa kofia ngumu, wewe na abiria wako.

Na yule muuzaji wa Musoma? Usimwulize skuta inafika ngapi. Panda nayo kilima ukiwa na mtu nyuma, kisha tazama saa ya mwendo. Namba utakayoiona pale ndiyo namba ya kununulia.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini Vespa ya mwaka 1946 ilipewa injini ndogo na magurudumu madogo?
2. Skuta inakwenda 40 na lori la nyuma linakwenda 80. Kama liko mita 100 nyuma, litaifikia kwa sekunde ngapi?
3. Katika kijiji chenu, ni sehemu gani ya barabara yafaa kupata njia ya pembeni kwanza? Mtaanzaje kuiomba?