"Tumfanye": Walimu wa Kiyahudi na Mwanzo 1:26

Msomaji wa Kiswahili hahitaji Kiebrania ili akwazwe na Mwanzo 1:26. Kiambishi kinatosha. Mungu mmoja anasema "tumfanye", na mstari unaofuata unasema "akaumba". Katika madarasa ya kipaimara sisi Walutheri hujibu upesi kwamba Baba anasema na Mwana na Roho Mtakatifu. Kwamba Mungu alisema na Mwana ni jibu la kale. Justin Martyr alilitetea katika karne ya 2 mbele ya Myahudi Trifo. Lakini wenyewe waliopokea Torati kabla yetu waliusomaje mstari huu?

Hawakuukwepa. Midrashi iitwayo Bereshit Raba, iliyokusanywa Palestina yapata karne ya 5, yasimulia kwamba Musa alipofika hapo katika kuandika alisita. Kwa nini kuwapa wazushi mlango? Mungu akamwambia aandike tu; anayetaka kukosea, na akosee. Talmudi nayo yasema wazee waliomtafsiria mfalme Ptolemayo waliugeuza wingi kuwa umoja, asije akaelewa vibaya. (Ajabu ni kwamba Septuaginta tuliyo nayo imeuacha wingi palepale.)

Midrashi hiyohiyo yasema Mungu alisema na malaika, nao wakagawanyika. Upendo alitaka mtu aumbwe, kwa kuwa atatenda fadhili. Kweli alikataa, kwa kuwa mtu amejaa uongo. Haki alikubali, Amani akakataa. Mungu akamtwaa Kweli akamtupa chini, na wengine walipokuwa wakibishana akamwumba mtu.

Rashi wa Troyes (1040–1105), aliyesoma Mainz na Worms, mji ambao sisi tunaukumbuka kwa Luther na mwaka 1521 tu, aliona hapa unyenyekevu wa Mungu: Mkuu ataka shauri kwa wadogo, ingawa hawakumsaidia kuumba. Kwake, Maandiko yalikubali hatari ya wazushi ili kutufundisha adabu hiyo, na umoja wa "akaumba" ndio jibu lao.

Luther aliyajua maelezo ya Rashi hasa kupitia Nicholas wa Lyra. Katika mihadhara yake juu ya Mwanzo, aliyoianza 1535, aliona Utatu katika "tumfanye" na kuyatupa kwa dharau maelezo ya Kiyahudi. Kutokukubaliana si dhambi. Dharau ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1543, akiwa bado katika mihadhara hiyo, alitoa kitabu kilichoshauri masinagogi yachomwe moto. Mwaka 1984 huko Budapest, mkutano mkuu wa Fungamano la Kilutheri la Dunia ulipokea tamko la kuyakataa maneno hayo.

Tunaungama Utatu bila kusita. Lakini imani hiyo tumeipokea kwa Kristo aliyefufuka na kwa ubatizo wa Mathayo 28:19, wala haihitaji kubebwa na kiambishi kimoja, sembuse kwa kumcheka jirani. Ndiyo maana darasani tunamsoma Rashi kwanza, kisha Luther. Wanafunzi hubishana sana, na swali linalowashika kuliko yote ni la yule malaika Kweli: je, aliachwa chini? Midrashi yasema malaika walimwombea ainuliwe, na yanukuu Zaburi 85:11, ambapo kweli inachipuka katika nchi.