Msimbati, Mchanga Uliogombewa

Shuleni tulikariri Mkutano wa Berlin wa 1884 mpaka tukaota majina ya Wazungu. Mwalimu akiuliza, mikono juu darasa zima. Lakini sisi watoto wa Chikongola hatukuambiwa kwamba mgawanyo ule ulifika hadi kwenye mikoko yetu, mwendo wa gari usiomaliza nusu siku kutoka mjini Mtwara. Nimeyapata mimi mwenyewe, kwa kusoma na kwa kwenda.

Ukipita Madimba ukashuka Msimbati, unakuta ulimi wa mchanga uliojinyoosha baharini. Upande mmoja bahari kuu, tena kina chake kinaporomoka ghafla hatua chache tu kutoka ufukweni. Upande wa pili Ghuba ya Mnazi, maji yametulia kama yamo sinia, majani ya bahari chini, mikoko pembeni. Maji yakipwa kina mama wanaingia na ndoo na vijiti kutafuta pweza na chaza. Yakijaa, zamu ya mitumbwi. Kusini zaidi mto Ruvuma unamwaga tope lake.

Mto huo ulimshinda hata Livingstone. Mwaka 1861 aliingia na meli yake Pioneer, maji yakaanza kupungua, akageuza kabla hajakwama. Alirudi 1862, na 1866 akapitia Mikindani kwa safari ambayo hakutoka hai.

Waliomfuata hawakuja kutafuta chanzo cha mto, walikuja na rula. Mwaka 1894 Wajerumani waliuchukua Kionga, kijipembe cha ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma. Aprili 1916, vita vikiendelea, Wareno wakakitwaa. Mwezi uliofuata wakajaribu kuvuka mto kuja huku, wakapokewa na bunduki za rashasha, wakarudi na maiti zao. Mwaka 1919, huko Versailles, wakubwa wakakiandika Kionga kuwa cha Wareno, na leo kipo Msumbiji. Nilipokuwa Msimbati nilimwamkia babu mmoja, nikamwuliza mpaka uko wapi hasa. Alinyanyua kidevu kuelekea kusini, akanijibu kwamba huko wapo shemeji zake. Nikaona jibu limetosha.

Sasa, ndugu msomaji, shika kiti. Ukoloni ukiwa unafunga virago, alikuwapo Msimbati Mwingereza mstaafu, Latham Leslie-Moore, kajenga nyumba yake ufukweni. Bwana yule akaitangaza Msimbati kuwa nchi huru! Akapeleka na barua Umoja wa Mataifa. Serikali ya Tanzania ilimvumilia kwa muda, mwishowe ikamwondoa. Mmarekani John Heminway ameandika habari zake, na wanaozisoma hucheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikajiuliza: wavuvi waliokuwa wakikausha nyavu zao mbele ya baraza yake, wao aliwahesabu kama nini? Raia? Kwani nani aliwauliza?

Swali hilo halikuondoka naye. Miaka ya 1980 na 1990 baruti ilipasua matumbawe ya pwani hii vibaya sana. Mlipuko mmoja, samaki juu, na nyumba ya samaki imekwisha. Wanavijiji wa kusini wenyewe walipiga kelele, wakaunda shirikisho lao la kuhifadhi bahari. Sheria ya hifadhi za bahari ikapitishwa 1994, na mwaka 2000 likatangazwa eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, na vijiji vimo ndani. Hapo ndipo ugumu. Mpiga baruti akizuiwa, sawa, mimi nashangilia. Lakini mama mwenye nyavu ya macho madogo naye akiambiwa basi, ale nini jioni ile ile? Kuhifadhi bila kumpa njia nyingine ni kumhamishia yeye gharama yote.

Na chini ya mchanga huo huo kuna gesi. Kampuni ya Italia, AGIP, iliigundua 1982, ikaonekana haina soko, kisima kikazibwa. Miaka zaidi ya ishirini ikapita ndipo ikaanza kuwasha taa za Mtwara. Ilipotangazwa kwamba bomba litaipeleka Dar es Salaam, mji ulichafuka, Januari na tena Mei 2013. "Gesi haitoki," ndilo neno lililokuwa kila kona. Nyumba zilichomwa, watu walikufa, jeshi likaingia mitaani. Wengine Dar walituita wabinafsi. Jamani! Mji ulioona reli yake ya karanga ikijengwa kisha ikang'olewa, ungetegemea uamini ahadi kirahisi?

Bomba lilizinduliwa 2015. Visima viko mle mle ndani ya mipaka ya hifadhi, vimezungushiwa uzio. Nilipopita, maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake watatu walikuwa wakitoka ghubani na ndoo kichwani, wakabishana bei ya pweza.