Fremu zenye Masikio

Katika jumba la Althorp, Uingereza, picha nyingi za kale zimo ndani ya fremu za mbao zilizochongwa na kubandikwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba kuliko karatasi. Huitwa fremu za Sunderland, kwa cheo cha mwenye jumba, Robert Spencer (1641–1702). Wachongaji hawakupewa heshima hiyo. Ukingo wake una mikunjo laini kama ya sikio. Mtindo huo ulikuzwa na wafua fedha wa Utrecht, Paulus na Adam van Vianen, mwanzoni mwa karne ya 17. Wajerumani huuita kwa jina la sikio, Waholanzi kwa neno la nyama inayoning'inia. Sisi tunapendelea "nakshi ya ndewe", kwani ukingo huo hufanana na nyama zaidi kuliko mbao.