Hodi za mgonjwa wa mwisho

Kwetu mtu akilala ndani na homa, hodi hazikatiki. Jirani, shangazi, rafiki wa kazini, wote watakuja kumjulia hali. Juzi nilishikwa na mafua makali, sebule ikajaa watu, nikamkumbuka Ali Maow Maalin.

Bwana huyu alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Oktoba 1977 lilifika gari lenye watoto wawili wagonjwa wa ndui, dereva akiulizia njia. Maalin akapanda kumwelekeza. Safari ya dakika chache tu! Na hakuwa amechanjwa, maana aliogopa maumivu ya sindano.

Homa ilipompata, kwanza alidhaniwa ana malaria, kisha tetekuwanga. Akapelekwa nyumbani, na kwa kuwa alipendwa, wageni wakaja. Ndui huambukiza zaidi watu wanapokaa karibu, uso kwa uso. Kila aliyeingia kumpa pole alikuwa hatarini.

Ukweli ulipojulikana, wahudumu wa afya walisaka watu 161 waliokutana naye, wakawafuatilia kwa wiki kadhaa, huku chanjo ikitolewa nyumba kwa nyumba. Hakuugua hata mmoja. Maalin akapona, akabaki mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya asili. Baadaye alihamasisha chanjo ya polio hadi alipofariki mwaka 2013.

Sisemi tufunge milango, wadau. Ila je, wewe unaweza kumwambia shangazi aliyeko mlangoni, "Leo usiingie, nakupenda"? Mimi juzi nilishindwa.