Taa ya Oili, Siyo Taa ya Mafuta

Dereva wa lori anapiga simu: "Tajiri, taa ya mafuta imewaka." Tajiri yuko mbali, atajibu nini? Kama ni dizeli inayokaribia kwisha, lori litambae hadi kituo cha mbele. Kama ni shinikizo la oili lililoshuka, injini izimwe papo hapo, kwani dakika chache zatosha kuifanya inoki. Neno moja, na amri mbili zinazopingana.

Mafuta ni neno kongwe la Kibantu. Mkikuyu husema maguta, Mkamba mauta, Mzulu amafutha. Limekaa kwenye ngeli moja na maji, maziwa na mate, vimiminika visivyohesabika. Lakini tumelitwisha mno: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya nyama, ya kuendeshea gari, na juu yake ya kulinda injini.

Mafundi wa gereji walikwisha kulitatua jambo hili bila kikao. Wao husema oili. Wapo wanaolibeza kwa kuwa ni la mkopo, mimi nalipenda. Lilikuja kuziba pengo la kweli, likapokea irabu ya mwisho, likaingia ngeli ya N bila kelele: oili hii, oili safi. Tena limeshazaa. Oili chafu si uchafu tu, ni bidhaa yenye jina lake, na mjenzi huipaka kwenye mbao ili mchwa wasizile.

Kwenye nyaraka za serikali utakuta vilainishi. Kilainishi hutokana na laini, neno tulilolipata kwa Waarabu. Nalikubali liwe jina la ukoo mzima, oili na grisi pamoja, ingawa halisemi kweli yote: chuma hakilainiki kwa oili, huteleza. Kitelezeshi kingefaa zaidi. Ila kilainishi kimeshazoeleka, na sioni faida ya kukivunja.

Ugumu wenyewe uko kwenye nzito na nyepesi. Tunasema oili nzito kama tunavyosema uji mzito, na kila mtu anaelewa. Lakini mimina oili nzito kuliko zote dukani ndani ya ndoo ya maji: itaelea. Uzito wa mizani sio tunaoutaja. Tunataja ugumu wa kutiririka. Wanasayansi wetu wana mnato, kutoka kunata, na hapo pana picha hai: ulimbo, asali, kidole kinachoachana na kidole kwa shida. Gerejini tuseme nzito. Tunapoandika, na hasa tunapomweleza mtu achague oili ipi, tuandike mnato.

Kisha zile namba kwenye dumu, 15W-40 ya malori mengi ya dizeli, au 5W-30 ya magari madogo ya siku hizi. Ni alama za SAE, chama cha wahandisi cha Marekani, na W yake ni majira ya baridi ya huko. Namba ya kwanza yaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi; ya pili, mnato wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa nini tuzisome kwa herufi ya neno la kigeni? Napendekeza tutamke kumi na tano baridi, arobaini moto. Msikilizaji ataijua maana kabla hajauliza.

Oili iliyoundwa kiwandani kwa kemia nimeona ikiitwa oili bandia. Hapana! Bandia ni ya kughushi, na oili ya kughushi ipo, inaua injini. Shuleni tulifunzwa usanisinuru. Basi tuna sanisi mkononi tayari. Oili sanisi.

Mengine yaachwe yalivyo, kwani yamekamilika. Injini inakula oili: hakuna mtaalamu atakayeliboresha hilo. Kumwaga oili nako kunanifurahisha, maana kazi imeitwa kwa kile kinachotoka, si kinachoingia.

Istilahi ni neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na suluhu na maslahi: ni mapatano. Basi wewe unayetafsiri kitabu cha mwongozo wa gari, ukifika ukurasa wa taa za dashibodi, patana na mafundi. Andika taa ya oili.