Ganzi ya Chania

Julai iliyopita niliingia mto Chania peke yangu, kujionyesha tu. Maji yale yanatoka Aberdare, bana! Pumzi ilinikatika. Dakika chache baadaye vidole vilikataa kushika jiwe. Nilitoka kwa magoti.

Guka alinicheka. "Sisi tuliingia alfajiri ya kutahiriwa. Nani aliogelea?"

Kenyatta aliyaandika hayo mwaka 1938, katika Facing Mount Kenya: vijana walitumbukia mtoni ili baridi iwatie ganzi kabla ya kisu. Ganzi ndiyo waliyoifuata. Lakini walikuwa kundi, miguu imekanyaga chini, wakubwa wako karibu. Mwogeleaji ganzi humnyang'anya mikono kwanza.

Siku hizi naenda na binamu. Naingia polepole, nangoja pumzi itulie. Vidole vikianza uzito, natoka.